Nani Kakwambia Springi Ngumu Ndiyo Springi Nzuri?

Jamani, hivi nani alitufundisha kwamba gari bora ni lile lililosimama juu? Siku hizi mtu akinunua gari, hata kadi haijabadilishwa jina, swali la kwanza analoulizwa pale stendi ya Choma ni moja tu: "Umeshaipandisha?" Hakuna anayeuliza itabeba nini. Hakuna anayeuliza itapita wapi. Zinatafutwa spesa nne, nyuma yanaongezwa mabamba mawili yaliyong'olewa kwenye Fuso, zinanunuliwa shokapu za bei chee, na kufikia jioni gari limenyanyuka, matairi yote yanaonekana, na wapiga makofi hawakosekani. Mwisho wa wiki abiria wanashukia Ziba wameshika viuno. Nafyonya mie! Tena nafyonya kwa uchungu, maana hao walioshika viuno ni mama zetu na shangazi zetu.

Tuanze na njia yenyewe, kwa sababu njia ndiyo inayokula springi. Kutoka Choma kwenda Ziba, na kutoka Ziba kwenda Nkinga, unapita udongo wa kila namna ndani ya safari moja. Kuna luseni, mchanga mwepesi. Kuna ibambasi, ardhi kavu iliyokaza, jembe likigonga linarudi. Halafu unateremka kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa pamba na mpunga unaofuata mabonde ya Manonga na Wembere. Masika mbuga inavimba na kunata, magari yanachimba mifereji miwili mirefu. Kiangazi ile mifereji inakauka ilivyo, na kando yake ardhi inapasuka nyufa za kumeza tairi la baiskeli. Na palipomwagwa changarawe, kuna mawimbi.

Mawimbi hayo kila mtu ana wa kumlaumu. Wazee wanalaumu malori, vijana wanalaumu greda iliyochelewa. Mwaka 2007 wanafizikia watatu, Taberlet, Morris na McElwaine, walichapisha matokeo ya jaribio la gurudumu linalozungushwa juu ya mchanga mkavu: likizidisha mwendo kupita kiwango fulani, mawimbi yanajitokeza yenyewe, hata kama gurudumu halina springi wala shokapu. Kwa maneno mengine, greda ikipita leo na sisi tukaendelea kukimbiza, mawimbi yatarudi. Wakala wa barabara za vijijini, TARURA, upo tangu 2017, na tuna haki ya kuudai kazi yake. Lakini usinunue springi leo kwa kutegemea barabara ya mwaka kesho. Nunua kwa barabara uliyonayo.

Sasa piga hesabu. Mawimbi yakiachana mita moja moja, ndani ya kilomita moja kila tairi limepanda na kushuka mara 1,000. Kilomita 20, mara 20,000. Kila mara mtambo wa ndani ya shokapu unasukuma mafuta yapite kwenye vitundu vidogo, na kile kishindo kinageuka joto. Joto likizidi, mafuta yanatoa povu, na povu halina nguvu ya kuzuia kitu. Hapo ndipo dereva anasikia usukani umekuwa mwepesi, mkia wa gari unahama wenyewe kwenye kona, na tairi linagusa ardhi na kuiacha. Mzee mmoja hapa kijiweni, aliyeendesha malori ya pamba tangu ujana wake, ana kipimo chake ambacho sijaona fundi akikipinga: ukitoka kwenye mawimbi simamisha gari, gusa shokapu zote nne haraka haraka kwa mgongo wa kiganja. Zenye joto zimefanya kazi. Ile iliyobaki ya baridi imekufa, na wenzake wanaibebea msiba.

Hapo tunafika kwenye uongo mkubwa kuliko wote unaouzwa madukani: "Funga shokapu mpya, gari litanyanyuka." Ah! Shokapu haibebi gari. Gari linabebwa na springi. Springi ni ng'ombe wa plau, ndiye mwenye nguvu za kuvuta. Shokapu ni mtu aliyeshika kamba, kazi yake ni kumzuia asikurupuke. Ukibadilisha mshika kamba, ng'ombe hakui. Shokapu ya gesi inaweza kusukuma gari juu kidogo sana kwa sababu ya mgandamizo wa ndani, lakini gari lililolala nyuma kwa sababu springi zimechoka litabaki limelala. Nimewaona watu wamefunga shokapu mara mbili kwa mwaka, zote zimevuja, na hakuna aliyeinama kutazama springi zilizonyooka mpaka zinagonga raba za kuzuia. Shokapu gani itadumu hapo? Kila shimo inagonga mwisho wake, chuma kwa chuma.

Kwa hiyo mpangilio ni huu, na mafundi wetu wanaujua hata kama wateja hawataki kuusikia: mzigo ndio unaochagua springi, na springi ndiyo inayochagua shokapu. Ukianzia kwenye shokapu umeanza na mkia.

Basi mzigo ni kiasi gani? Hapa ndipo ninapopandisha sauti, na wenzangu wananivuta shati nikae chini. Probox, hii michomoko yetu, kiwandani Japani imepangiwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, au kilo 250 ikiwa na watu watano. Ongeza uzito wa hao watu watano, unakaribia kilo 550, basi. Sasa hesabu ya kwetu. Watu tisa wa kilo 65 ni kilo 585. Hujaweka gunia la mpunga juu ya keria. Hujaweka mbuzi. Hujaweka dumu la mafuta. Halafu mwenye gari anasema springi za Toyota ni dhaifu!

Njia zetu hizi zilishajua mambo ya mzigo kabla ya injini kufika. Burton na Speke waliingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857 wakiwa na wapagazi, na mwaka uliofuata Speke akatoka hapo kwenda kaskazini hadi ziwani, akiikatiza nchi hii ya Wanyamwezi na Wasukuma. Mzigo wa mpagazi ulikuwa unajulikana, frasila mbili kwa kawaida, kilo 30 na kidogo. Mwenye msafara akijaribu kuongeza, watu walitua mizigo chini, na safari ililala hapo mpaka mambo yazungumzwe. Wale walikuwa watu wa kutembea mpaka pwani na kurudi, hakuna awezaye kuwaita wavivu. Walijua mgongo wa mtu unachukua nini kwa siku moja na unachukua nini kwa miezi mitatu. Hilo la pili ndilo tunalolisahau kwenye magari: leo limebeba, kesho limebeba, tunadhani limeweza.

Kuna kijana wa Hiace anayepaki hapa, mchapakazi kweli, namheshimu. Alikuja alasiri moja na mabamba mawili ya Fuso yamefungwa nyuma ya pikipiki. "Mwadila, babu," akamsalimia mzee wa malori. "Nimepata dawa ya hii Hiace. Haitalala tena."

Mzee akaitikia salamu, akachukua lile bamba, akalipima unene kwa vidole, akafyonya. "Mjukuu wangu, hili ni mara ngapi ya lile la Hiace?"

"Limezidi kidogo tu, babu. Milimita mbili."

Milimita mbili! Watu wote tuliokaa pale tuliona ni kitu kidogo. Fundi mmoja aliyekuwa pale ndiye aliyetutoa ujinga, tena kwa kuchora chini mchangani. Ugumu wa bamba la springi haupandi sawasawa na unene. Unapanda kwa unene uliozidishwa wenyewe mara tatu. Bamba la milimita 6 likibadilishwa na la milimita 8, ugumu wake unakuwa zaidi ya mara mbili. Mabamba mawili ya hivyo ndani ya pakiti ya Hiace, na mengine yote yanakuwa yanasindikiza tu. Gari halina tena springi pale nyuma. Lina gogo la chuma.

Na koili nazo zina hesabu yake, kali kuliko hiyo. Ugumu wa koili unafuata unene wa waya uliozidishwa wenyewe mara nne. Waya wa milimita 12 ukibadilishwa na wa milimita 13, kwa umbo lilelile na mizunguko ileile, ugumu umepanda kwa zaidi ya theluthi moja. Milimita moja, ambayo kwa macho huioni! Ndiyo maana ukienda dukani na koili yako mkononi ukaambiwa "hii inafanana," omba kalipa. Pima waya, pima upana wa mzunguko, hesabu mizunguko, pima urefu ikiwa imesimama huru. Muuzaji akinuna, mwache anune. Na wale wanaokata koili ili gari likae chini liwe la mjini, wajue kwamba kwenye koili yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ukikata mmoja umeongeza ugumu kwa asilimia 20 na papo hapo umelipunguzia gari nafasi ya kushuka. Umelifanya gumu na umelinyima njia ya kupumua. Kwa njia ya Nkinga hilo ni jambo la kumwombea mtu asilifanye.

Kijana wa Hiace hakukubali kirahisi, na hoja yake haikuwa ya kijinga. "Sasa babu, nikiacha springi laini, siku ya mnada itakuwaje? Itagonga chini kila tuta."

Mzee akamwuliza kama amewahi kusikia Peugeot 404. Hajawahi. Basi tukapata darasa. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya Safari, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa njia za vumbi na tope zilizokuwa mbaya kuliko hizi zetu. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu, na walioshinda walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1968 mvua ikanyesha mno, wakamaliza 7 tena, na mshindi akawa Nowicki yuleyule, tena ndani ya 404. Baadaye 504 ikashinda 1975 na 1978. Sasa yale Peugeot mliyoyasikia hayakuwa magari magumu. Yalikuwa laini! Ukikaa ndani unaelea. Siri yake ilikuwa springi yenye safari ndefu, tairi linaweza kushuka sana na kupanda sana kabla halijagonga, na shokapu nzuri ya kulizuia lisichezecheze. Gari lilimeza shimo. Magari magumu yalikuwa yanarudisha lile shimo kwenye bodi, kwenye bolti, kwenye uti wa mgongo wa dereva, mpaka kitu kinakatika.

Nilipenda sana alivyolieleza, kwa sababu hapo ndipo lilipo jambo lote. Springi ngumu haifuti shimo. Inalihamisha. Kishindo ambacho springi imekataa kukichukua kinapanda juu: kinakwenda kwenye chasisi, kwenye bushi za shakeli, kwenye boljointi, kwenye keria inayoanza kupasuka kona zake, halafu kinaishia kwa abiria aliyekaa juu ya ekseli ya nyuma. Na sote tunajua nani anakaa siti ya nyuma. Aliyekuja mwisho. Mama mwenye mtoto mgongoni. Mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Rufaa ya Nkinga, ambaye ndugu zake hawana uwezo wa kukodi gari zima. Mama mjamzito ambaye uchungu umemshika usiku na gari lililopatikana ni hilo moja, tupu, na mabamba yake ya Fuso nyuma. Gari tupu lenye springi za tani mbili! Hakuna kinachoshuka pale, ni kuruka tu, kila wimbi. Mwenye gari ambaye amewahi kumsikia mama akilia kwa kila tuta kutoka Choma hadi Nkinga hawezi kuniambia tena kwamba springi ni suala la gari kuonekana zuri.

Haya, basi tuchague vipi?

Kwanza ng'oa ushauri wa stendi kichwani. Lisimamishe gari likiwa tupu mahali tambarare, pima kwa futi kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi, pande zote nne, andika. Lipakie mzigo wako wa kawaida, ule wa siku nyingi, siyo ule wa siku ya mnada, pima tena. Ukiweza kupata mizani ya magari, hata ya ginneri, lipime mbele na nyuma. Wenye viwanda vya springi za kuboresha, wale Waaustralia wa Old Man Emu walio chini ya kampuni ya ARB, au wale wa Ironman, hawauzi springi kwa jina la gari peke yake. Wanauliza: mbele kuna bampa ya chuma? Kuna winchi? Nyuma unabeba nini, na unabeba siku zote au mara moja moja? Kwa gari lilelile wanakuwa na springi za mzigo mwepesi, wa kati na mzito. Mtu anayenunua ile nzito kwa sababu jina lake limemvutia, halafu anatembea na familia yake tu, amelipa fedha nyingi kujitesa.

Kwa Hardtop, Land Cruiser za kazi zinazobeba wagonjwa na maofisa huku, mwaka wa gari ni lazima uujue. Familia hiyo ya 70 ilianza 1984, na zile za kazi nzito zilikuwa na springi za mabamba mbele na nyuma. 1999 mbele wakaweka koili. Ukiagiza Mwanza au Kariakoo bila kusema mwaka, utaletewa kitu kisichofunga. Na kupandisha, kama ni lazima, milimita 50 zinatosha. Ukizidi hapo, pembe za usukani zinabadilika na gari linaanza kutangatanga barabarani, mipira ya breki inavutika, shafti zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikupangiwa. Sijaona njia yoyote ya Igunga inayohitaji zaidi ya hapo. Mbuga ikishakuwa tope, hata ukipandisha mita moja utakwama; pale kinachosaidia ni tairi, jembe, na watu wa kusukuma.

Hiace hizi tulizozizoea zina jambo lake mbele ambalo wengi hawalijui: hazina koili. Zina fimbo za chuma zinazojipinda, toshenba, na ukikaza bolti zake gari linanyanyuka mbele. Kwa sababu ni kazi ya dakika chache na haina gharama, kila mtu anakaza. Lakini ukikaza umepandisha kimo tu, fimbo haijawa na nguvu zaidi, na ile nafasi ya tairi kushuka chini imepungua. Tairi likiingia shimoni linaning'inia, gari linapiga kishindo likirudi. Kaza kurudisha kimo cha kiwanda kilichopotea kwa uchakavu. Usikaze kutafuta kimo kipya.

Spesa ni hadithi hiyohiyo. Kipande cha raba au cha alumini juu ya koili au juu ya shokapu kinainua gari bila kuongeza uwezo hata wa kilo moja. IST ya mtu anayepita njia ya vumbi kwenda kazini, spesa nyembamba, iliyochongwa vizuri, na alaimenti ikafanyika baada ya hapo, sina ugomvi nayo. Spesa ya kubeba mzigo, hapana. Spesa zilizopangwa mbili mbili, hapana kabisa.

Ukishapata springi, ndipo shokapu. Sema urefu kwanza: gari lililopandishwa linataka shokapu ndefu kidogo, la sivyo ile ya zamani inavutwa hadi mwisho kila tairi likishuka, na inang'oka kichwa. Halafu kuna za mrija mmoja na za mirija miwili. Ya mrija mmoja inapoa haraka kwa sababu mafuta yako karibu na hewa ya nje, lakini jiwe likiubonyeza mrija, mtambo wa ndani unakwama na shokapu imekwisha. Ya mirija miwili inachelewa kupoa, ila inavumilia kubonyea nje. Kwa njia zetu za mawe yanayorushwa na matairi, mimi namwambia mtu achukue ya mirija miwili yenye gesi na mwili mnene. Gesi hiyo ni naitrojeni, na kazi yake kubwa ni kuyabana mafuta yasitoe povu, siyo kulibeba gari.

Majina mnayajua. KYB ni Wajapani, kifupi cha Kayaba. Bwana Shiro Kayaba alifungua maabara yake 1919, na kampuni yake ilitengeneza miguu ya kutulia ya ndege kabla watu hawajaizoea kwenye magari. Tokico nao Wajapani. Monroe Wamarekani. Majina haya ni mazuri, na ndiyo maana yanaghushiwa. Boksi limechapwa vizuri, rangi inang'aa, na ndani kuna bomba jepesi lenye mafuta kidogo. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia, na mnunuzi anayeuziwa feki ana pa kupeleka malalamiko; tatizo letu ni kwamba tunanunua bila risiti, halafu tunalalamika kijiweni. Chukua risiti yenye jina la duka na namba ya kifaa. Kabla hujalipa, isimamishe shokapu wima, isukume chini polepole, iachie. Iende kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho, bila kukatika katikati. Itazame nondo: ing'ae, isiwe na mikwaruzo. Linganisha namba ya boksi na namba iliyopigwa kwenye mwili wake.

Za mtumba je? Koili ya mtumba kutoka Japani, isiyo na kutu na isiyochubuka rangi kwa ndani, naikubali, chuma kizuri hakiozi kwa kukaa. Shokapu ya mtumba siikubali. Sili zake zimeshazeeka, hujui imekaa imelala au imesimama muda gani, na bei yake mara mbili ndiyo bei ya mpya. Watu wa Dar wanaotuma mizigo watanichukia kwa hili. Sawa.

Na hili la moto nalisema kwa sauti: springi haichomelewi. Chuma cha springi kilipikwa kiwandani, kikazimwa, kikapashwa tena kwa kipimo ili kiwe kinapinda na kurudi. Ukikipelekea gesi ya kuchomelea, pale palipopigwa moto patakuwa laini mno au pakavu mno, na siku yoyote patakatika, ukiwa na watu ndani. Bamba lililokatika mpelekee mhunzi. Wahunzi wetu wamekuwa wakigeuza springi za malori kuwa mapanga, visu na mundu, na hakuna panga la kiwandani linalolifikia la springi kwa kushika makali. Chuma kile kikishatoka barabarani kina kazi nyingine ya heshima shambani.

Turudi kwa kijana wetu wa Hiace. Baada ya maneno yote alikuwa ameinamisha kichwa anachora chini kwa kijiti. "Sasa babu, nimeshatoa hela."

"Wauzie wenye toroli la ng'ombe," mzee akamjibu. "Wewe nunua bamba moja la Hiace yenyewe, jipya, lile la chini ya bamba mama. Badilisha bushi za shakeli zote. Shokapu mbili za nyuma kwa pamoja, siyo moja leo, moja mwezi ujao. Na abiria wako wawe wale wa kwenye leseni."

Hilo la mwisho lilileta kelele kijiweni, maana hesabu ya siku inatoka kwenye abiria wa ziada, na kila mtu pale ana watoto wanaosoma. Silidharau. Lakini nimeona pia hesabu ya upande wa pili: bushi, boljointi, matairi yanayoliwa vipande vipande upande mmoja, siku ambazo gari limelala gereji. Mwenye kubeba kumi na nne kwa miaka mitano na mwenye kubeba ishirini kwa miaka miwili, wakikaa na daftari, sijui kama huyo wa pili atacheka.

Mkishafunga, msiondoke mara moja. Yubolti za springi za mabamba zinalegea chuma kikishajikalia, kwa hiyo zikazwe tena baada ya kilomita mia chache. Sentabolti nyingi zinazokatika zimekatwa na yubolti legevu. Alaimenti ifanyike, hata kama lazima gari lipelekwe Nzega kwa ajili hiyo. Sukumeni kona ya gari kwa mkono, lishuke, lipande, litulie. Likiendelea kucheza, shokapu na springi hazijapatana.

Na taa. Hili karibu hakuna anayelifanya. Gari likibadilishwa kimo, mwanga wa mbele nao umehama, na baada ya kupandisha mbele unapiga moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Usiku, barabara ya Ziba, anayekuja ni mtu wa baiskeli na gunia la mkaa nyuma, hana kioo wala taa, na hana pa kukwepea isipokuwa mtaroni. Bisibisi moja na ukuta mmoja vinatosha. Gari lisimame mbali kidogo na ukuta wakati wa magharibi, skrubu za nyuma ya taa zizungushwe mpaka mwanga ushuke chini ya kimo cha taa zenyewe, na ifanyike kabla gari halijatoka gereji.